Karatasi Ambayo Baba Hakuisaini

Iringa, Jumapili, 11 Februari 2024

Baba yangu Bujiku,

Shikamoo baba. Ya mama mpelekee mwenyewe, umwambie nimeipokea sweta na inanitosha mabegani. Wasichana wa Igurusi wananiambia huko Usangu maji yamejaa hadi mfereji umebomoka. Je, mpunga wetu umepona? Mdogo wangu Kalista ameshaanza darasa la nne? Msalimie na baba mdogo Makoye. Sisi wa kidato cha nne tumeambiwa hakuna likizo mwaka huu, ni kambi ya masomo mpaka mtihani wa taifa Novemba.

Sasa baba, neno lililonifanya nichukue kalamu. Usishtuke. Tangu tufungue shule mimi si mzima. Ilianza asubuhi moja mstarini. Moyo ulianza kwenda mbio kama mtu anayekimbizwa na nyati, mikono ikafa ganzi, nikajua nakufa, na bendera ilikuwa haijafika hata juu. Kuanzia hapo nikawa naogopa mstari, kisha nikaanza kuogopa darasa. Baadaye woga wenyewe ukaisha, na kilichofuata ni kibaya zaidi, kwa sababu sikutaka tena kitu chochote. Chakula mdomoni kama udongo. Matroni wetu, Bi Esnath, alinikuta bwenini saa nne asubuhi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Akaniuliza, "Umekaa hivyo tangu lini?" Nikamwambia tangu saa kumi na mbili.

Alinipeleka hospitali. Wakapima malaria, taifodi na damu, vyote safi. Ndipo daktari akaniuliza maswali mengine, mengi, kuhusu usingizi na mawazo yangu. Akasema ni sonona, pamoja na wasiwasi uliopita kiasi, na kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine na unatibika. Kila Jumamosi kuna kundi la vijana wa rika langu wenye hali kama yangu. Wanakutana ukumbini karibu na hospitali, na muuguzi anayeitwa Timotheo anawaongoza katika mazungumzo na mazoezi. Nimepewa nafasi, ila kwa kuwa sijafikisha miaka kumi na minane, lazima mzazi asaini. Karatasi iko humu ndani. Nimeweka alama ya kalamu pale pa jina lako.

Bi Esnath alitaka kukupigia, nikamwomba niandike mwenyewe. Kwenye simu najua ungekata.

Binti yako,
Minza

*

Igurusi, 9 Machi 2024

Mwanangu Minza,

Marahaba. Sisi tupo, Mungu anatusaidia. Mpunga wa upande wa chini umekwenda na maji, wa juu umesimama vizuri. Ng'ombe wote ni wazima. Yule mwekundu mwenye pembe moja amezaa ndama jike, Kalista anasema ni wake na amekataza mtu mwingine kumshika. Kalista yuko darasa la nne, ila anapenda zaidi ndama kuliko hesabu. Mama yako anakusalimu, anauliza kama baridi imepungua.

Habari yako nimeisoma mara tatu. Nakuuliza kama baba, unijibu kweli. Nani amekukosea? Ni mwalimu? Ni kijana? Kama ni kijana sema jina tu, mimi nitapanda basi. Au umegombana na wenzako bwenini wakakufanyia jambo? Mtu haanzi kuumwa moyo bila sababu. Ukinipa sababu mimi nitaishughulikia, hiyo ndiyo kazi yangu.

Mambo ya kukaa na watu usiowajua mkaelezana ya nyumbani, hayo sijayaelewa. Soma, kula, sali. Ukizidiwa nitakuja nikuchukue, mtihani utafanya mwaka mwingine.

Karatasi nimeiona.

Baba yako,
Bujiku

*

Iringa, Jumapili, 24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ndama, na nampa Kalista pole kwa hesabu, mimi pia zimenishinda wiki hii. Tulipewa jaribio nikarudisha karatasi nyeupe. Niliandika jina langu tu.

Umeniuliza nani amenikosea. Nimekaa na swali lako siku nne, nikawapitia watu wote mmoja mmoja. Baba, hakuna. Hakuna mwalimu wala kijana. Wenzangu bwenini wananifulia nguo bila kuniambia. Ningekuwa na sababu ningekupa, kwa sababu mimi mwenyewe ningependa kuwa nayo. Ndiyo maana naona aibu. Nina wazazi, nina chakula, na asubuhi siwezi kuinuka.

Jumamosi Bi Esnath alinichukua hadi pale ukumbini, maana mwenyewe alikuwa na shughuli hospitali. Bila sahihi siruhusiwi kuingia, nikakaa kwenye benchi la nje. Nilidhani nitasikia watu wakilia. Baba, walikuwa wanacheka! Sikusikia maneno, ni kicheko tu, na baadaye mtu mmoja anaongea polepole. Mwezi mzima sikuwa nimetaka kitu. Siku hiyo nilitaka kuingia ndani.

Usinihamishe shule, nakuomba. Na usidhani kwamba nakuomba ruhusa ya kuumwa. Kuumwa naumwa tayari. Ruhusa ninayoomba ni ya kupona.

Bi Esnath amenipa karatasi nyingine, kama ile ya kwanza imepotea.

Minza

*

Igurusi, 14 Aprili 2024

Minza,

Mama yako amesaini.

Mimi nilikuwa kisimani na mifugo. Aliichukua barua yako na ile karatasi kwenye mfuko wa koti langu, Kalista akamsomea, akaandika jina lake Yunisi kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, akaenda nayo Igurusi mjini kwa miguu na kumpa kondakta wa basi la Iringa. Niliporudi akaniambia, "Nimeshaituma. Kama unataka kugomba, gomba, lakini basi limeshaondoka." Miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kunijibu hivyo.

Basi nenda. Ila ya nyumbani kwetu yaache nyumbani. Sitaki jina la ukoo wetu lisemwe kwenye chumba cha wageni. Umesikia?

Bujiku

*

Iringa, Jumapili, 26 Mei 2024

Baba na mama,

Shikamoo zenu. Mama, ahsante. Bi Esnath aliponionyesha jina lako kwenye karatasi niliomba nilishike kidogo kabla hajaipeleka. Sikujua kwamba unaandika Y yenye mkia hivyo. Baridi ya huku sasa ni ya kuvaa soksi mbili, lakini navaa zote mbili, tena mapema.

Zimepita Jumamosi sita tangu nianze. Tuko tisa. Kanuni ya kwanza ni kwamba linalosemwa ndani halitoki, kwa hiyo ya wenzangu sitawaandikia, isipokuwa Brayson wa Idodi aliyeniruhusu, na yeye kila akija anaanza kwa kutusimulia tembo walioingia shambani kwao hata kama hatujamuuliza. Siku ya kwanza nilisema jina langu tu, na Timotheo akasema inatosha. Siku ya pili msichana mmoja akaeleza jinsi moyo unavyomwenda mbio na mikono kufa ganzi. Baba, alieleza mwili wangu! Nikasema, "Na mimi." Maneno mawili tu, lakini nilirudi shuleni nimechoka kama niliyepandikiza mpunga siku nzima, na nilikula.

Tunafundishwa kupumua hofu inapokuja, na kuiuliza hofu maswali badala ya kuikimbia. Tunapewa kazi za wiki, ndogo ndogo. Yangu ya kwanza ilikuwa kula bwaloni mara moja, ya pili kunyoosha mkono darasani. Jumamosi unarudi unasema umefanya au umeshindwa, na ukishindwa hakuna anayekusema. Wiki ya nne nilishindwa kabisa, sikutoka bwenini. Jioni Bi Esnath aliniletea karatasi waliyoiandika wote wanane. Brayson aliandika, "Kiti chako tumekiacha wazi. Njoo hata kama huna la kusema."

Nikaenda. Na siku hiyo nilivunja neno lako baba, nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwingine. Nilisema habari za nyumbani. Nilisema nina baba mdogo anayeitwa Makoye, ambaye anaongea na ng'ombe na haongei na watu, na kwamba tangu nikiwa mdogo nasikia majirani wakisema alirogwa. Nilisema kwamba ile asubuhi ya soksi niliogopa kitu kimoja kuliko kufa. Niliogopa kwamba nimekuwa Makoye.

Hakuna aliyecheka. Timotheo aliniuliza, "Yeye ilimwanzaje?" Baba, ilimwanzaje?

Minza

*

Iringa, Jumapili, 21 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Karibu miezi miwili sijapata barua. Kondakta anasema hakuna mzigo wangu. Mama alimpigia Bi Esnath kusema mko wazima na mnavuna, kwa hiyo najua hujaumwa, ila umeamua kunyamaza.

Nina habari mbili. Ya kwanza, matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka, nina daraja la pili. Hesabu nimepata C, na karatasi haikuwa nyeupe mahali popote. Ya pili, Jumamosi ya tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi, kundi letu litakuwa na siku ya wazazi. Kila mmoja atasema mbele ya watu kile anachotaka kusema. Nimekubali kusema.

Sitakuuliza tena lile swali. Njoo tu.

Minza

*

Igurusi, 11 Agosti 2024

Mwanangu,

Mavuno yamekwisha, magunia yameingia ndani. Ndama anakua. Mama yako mzima. Nimeanza barua hii mara tano.

Makoye alikuwa mwimbaji. Hilo hujawahi kuambiwa. Kule kwetu kaskazini, kabla hatujahamia huku na mifugo, yeye ndiye aliyeongoza ngoma ya majembe wakati wa kulima, na watu walitoka vijiji vya mbali kumsikiliza. Alikuwa na miaka kumi na saba kama wewe sasa. Mimi nilikuwa na ishirini na moja. Kisha akaanza kukaa. Asubuhi anakaa tu, hata jua likimpiga hasogei. Hali chakula, haogi. Tulimuuliza kama mimi nilivyokuuliza wewe, nani amekukosea? Akasema hakuna. Tukamwona muongo.

Wazee wakakaa, wakaamua afungwe ili kilichomwingia kitoke. Wakasema afungwe na mtu anayempenda, asiogope. Nikachaguliwa mimi. Nilimfunga mikono na kamba ya ndama, nikamfungia ndani ya ghala siku kumi na moja. Mimi ndiye niliyempelekea uji. Siku ya kwanza aliniomba nimfungue. Siku ya pili aliniomba. Siku ya tatu alinyamaza, na mpaka leo hajaongea na mimi wala na mtu mwingine.

Tulipohama nilimchukua nikaja naye, nikamwambia mama yako ni bubu kidogo. Miaka yote tunakula sahani moja. Huwa namsikia zizini akiongea na ng'ombe kwa Kisukuma, nikikaribia ananyamaza.

Barua yako ya kwanza ilipofika, niliyaona yale yale. Kukaa tu, chakula kama udongo. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye koti, nikawa natembea nayo. Sikukataa kusaini kwa sababu ya jina la ukoo. Mara moja nilishawasikiliza watu waliosema wanajua dawa ya mtu ninayempenda, nikafanya walivyotaka. Niliogopa kuwa tena yule aliyefunga kamba.

Sasa umejua. Kama hutaki tena nije, sitakulaumu.

Bujiku

*

Iringa, Jumatano, 14 Agosti 2024

Baba,

Barua yako imefika leo na nimeisoma nikiwa nimekaa karibu na Bi Esnath. Nimelia, kisha nimeenda kula.

Panda basi la saa kumi alfajiri. Nitakusubiri mlangoni mwa ukumbi.

Minza wako

*

Igurusi, 8 Septemba 2024

Mwanangu Minza,

Tulifika salama tulipotoka kwako, mama yako bado anamhadithia kila anayepita jinsi binti yake alivyosimama. Mimi nataka niandike nilivyoona, kwa sababu pale mlangoni wakati wa kuagana sikuweza kusema kitu.

Nilikaa kiti cha nyuma karibu na dirisha ili nikishindwa nitoke. Yule Brayson alitangulia, watu wakacheka habari za tembo, kisha akasema lililomleta na kicheko kikaisha. Ukaitwa wewe. Ulikuwa na karatasi mkononi. Ikaanguka. Mwanangu, nilinyanyuka nusu ya kiti nije nikuokotee. Nikakuona umeiangalia pale chini, ukavuta pumzi mara mbili, ukaiacha ilipo. Ukawaangalia watu. Ukasema, "Naitwa Minza binti Bujiku. Mwezi wa pili nilishindwa kuvaa soksi. Leo nimesimama mbele yenu." Ukumbi wote ulipiga makofi, na hukuwa umeanza hata kusema!

Sauti hiyo sikuijua. Nimekulea miaka kumi na saba na nilikuwa sijaisikia.

Timotheo aliposema mzazi mwenye neno asimame, mimi sikupanga kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Niliwaambia watu arobaini nisiowajua kwamba nina mdogo wangu, kwamba niliwahi kumfunga kamba, na kwamba binti yangu amenifundisha kuuliza. Nilipokaa, mzee mmoja Mhehe aliyekuwa pembeni yangu, baba wa yule msichana mwembamba wa kundi lenu, alinishika goti. Alilishika mpaka mkutano ukaisha.

Kabla hatujaondoka Timotheo alinivuta pembeni. Nikamuuliza kama mtu wa miaka arobaini na tatu amechelewa. Akasema hawezi kuniahidi, lakini Mbeya kuna kliniki ya watu wazima, na akaandika jina la daktari. Akaniambia, "Usimpeleke kama ng'ombe. Mwombe."

Nitakuandikia likitokea la kuandika. Soma. Mtihani umekaribia.

Baba yako anayejivunia,
Bujiku

*

Mbeya, Iyunga, 20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Barua hii naiandikia Iyunga, nyumbani kwa Saulo, yule rafiki yangu wa mnadani. Mama yako yuko Igurusi na Kalista, wote wanakuombea mtihani. Najua umebakiza wiki tatu, kwa hiyo soma barua hii ukishamaliza masomo ya leo.

Niliporudi kutoka Iringa nilifanya kama mlivyofanya kwenye kundi lenu. Kila jioni wakati wa kukamua nilikwenda zizini nikakaa kwenye gogo karibu na Makoye, nikamwambia, "Nimekuja hata kama sina la kusema." Siku nyingi sikuwa nalo. Yeye alinyamaza, lakini hakuondoka. Kwenye wiki ya tatu nikaanza kusema. Nikamweleza habari zako zote, soksi na mstari na kiti kilichoachwa wazi. Halafu nikasema habari za ghala. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba nilikosa, kwamba aliniomba mara mbili na mimi nikaondoka na bakuli.

Alikuwa anakamua. Aliendelea mpaka ndoo ikajaa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ulikuwa unalia. Ulipokuwa unafunga. Nilikuona."

Minza, miaka ishirini na sita! Mama yako alikuwa kwenye uzio, akaketi chini hapo hapo kwenye matope. Mimi nilishika pembe ya yule mwekundu nisianguke.

Sasa usidhani amekuwa msemaji. Siku nyingine anasema maneno matatu, siku nyingine hasemi. Nilimwomba kuhusu Mbeya kama Timotheo alivyoniambia. Nilimwomba Jumatatu, akanyamaza. Nikamwomba Jumatano, akaenda kunywesha ng'ombe. Ijumaa alitoka amevaa shati langu jeupe, akasimama barabarani kusubiri gari, akanikuta mimi ndiye sijajiandaa.

Jana tulionana na daktari, mama mtaratibu, hana haraka. Amempa dawa za kuanzia na amesema kila mwezi turudi. Kuna kundi la watu wazima pia, siku za Alhamisi. Nimesaini karatasi. Makoye amesaini ya kwake, na mimi nimesaini ya ndugu wa kumsindikiza.

Amekaa hapa mezani ananitazama nikiandika. Nimemwambia ni kwako, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Alisoma mpaka darasa la saba, zaidi yangu mimi. Basi nakuaga hapa, mwandiko unaofuata si wangu.

Bujiku

Minza, mimi Makoye. Fanya mtihani vizuri. Jana daktari aliuliza jina langu. Baba yako akafungua mdomo anijibie. Nikamtangulia.